Aliyeita Mara Moja

Ukimtaka Jilo Hirbo, huna haja ya kukaza koo. Simama ukingoni pale Idsowe, mwite mara moja tu, hata kwa sauti ya kuombea chumvi, naye ataitika kutoka ng'ambo: "Naam! Nakuja!" Wageni humsifu kwa hilo. Husema hawajapata kuona mvushaji mwepesi wa kuitika kama huyu. Sisi tuliomjua tangu zamani hatumsifu. Tunapanda mtumbwi wake, tunavuka, tunashika njia zetu.

Mimi mwenyewe si mtu wa mto. Nilizaliwa Bungoma, nikaolewa, kazi ya barabara ikamleta mume wangu Garsen, kazi ikaisha, na mume akaisha nayo. Nikabaki na mtoto mmoja na sufuria zangu. Kwa hizo sufuria nikafungua hoteli ya mabati nyuma ya stendi, chai na mahamri asubuhi, wali na samaki mchana, na jina langu la Metrine likapotea. Hapa ni Mama Elvis. Nayasema haya ili ujue kwamba mambo ya mto niliyakuta, sikuzaliwa nayo, na mengine niliyacheka kabla sijayaelewa.

Jilo ni mzaliwa wa Bulangani. Chini ya Idsowe mto Tana, ambao Wapokomo wenyewe huuita Tsana, hugawanyika mikono miwili kisha hukutana tena mbele, na kisiwa kilicho katikati ya mikono hiyo ndicho Bulangani. Kilikuwa kijiji chenye kanisa la udongo, migomba, na maghala ya mpunga yaliyosimama juu ya nguzo. Huko Jilo alilima mpunga kila maji yalipopungua, akavua kambare, akachonga mtumbwi wake kwa mikono yake. Mtu wa mabega mapana na maneno machache. Ukimwuliza habari za nyumbani atasema "Njema," ukimwuliza za shamba atasema "Njema," hata kama kiboko amelala juu ya mpunga wake usiku kucha.

Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya mkewe, Elsie. Huyo alikuja hotelini kwangu na ndizi zake kila siku ya soko, akakaa kwenye benchi kama aliyelinunua, akaonja chai yangu na kukunja uso. "Mama Elvis, haya majani uliyapitisha tu juu ya sufuria, ama?" Nikimjibu, ananijibu mara tatu. Nilimpenda sana. Katika mji ambao sikuwa na dada, yeye ndiye aliyekuwa dada.

Elsie ndiye aliyenifundisha sheria ya mwito. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama ukingoni nikamwita mvushaji, na yule mzee akanitazama tu kutoka ng'ambo kama ng'ombe anavyotazama gari. Nikamtukana kwa Kibukusu. Elsie alikuwa nyuma yangu, akacheka hadi kikapu kikamdondoka.

"Ita mara mbili, dada. Mtu hai huita mara mbili. Aliyezama ana pumzi moja tu, na hiyo huitumia kwa jina lako. Ukimwitika, amekwisha kujua njia ya kwako."

"Na mtu hai akiita mara moja?"

"Basi hana haja ya kuvuka," akasema, akaokota ndizi zake.

Nilicheka, lakini tangu siku hiyo niliita mara mbili, kwa sababu vinginevyo ningelala ukingoni. Na niliona kwamba hakuna mtu wa mto, mkubwa kwa mdogo, Mkristo kwa Mwislamu, aliyeitika mwito wa kwanza. Walisimama, wakatega sikio, wakangoja wa pili.

Mwaka wa tisini na saba mvua ya El Nino haikunyesha tu, ilihamia kwetu. Barabara ya Malindi ikakatika. Garsen yenyewe ikawa kisiwa, na helikopta zikawa zinatuletea unga. Huko Bulangani maji yalipanda yakaingia kanisani, yakaendelea kupanda. Jilo akavusha watu kutwa nzima kwa mtumbwi wake, akiwapeleka kwenye ardhi ya juu. Kila alipomwambia mkewe apande, Elsie alisukuma mtu mwingine mbele yake. Mjamzito kwanza. Yule mgonjwa wa mguu kwanza. Yeye mwenyewe alipanda juu ya ghala, akakaa na mbegu za mpunga za mwaka ujao, akasema hawezi kuziacha ziende baharini.

Safari ya mwisho ilikuwa wakati wa magharibi. Jilo alitundika taa ya chemni mbele ya mtumbwi. Alimtoa mama mkwe wake na watoto wawili wa jirani kwenye paa la kanisa, kisha akaelekea kwenye ghala kumchukua Elsie. Ghala halikuwepo. Palikuwa na maji yanayokimbia. Akaita, akaita, hakuna aliyeitika, na mvua ilikuwa inapiga ile taa ikitaka kuizima. Akageuza mtumbwi. Ndipo mwito ukaja, lakini haukutoka upande wa ghala. Ulitoka mbali chini, upande wa mikoma, ile mitende ya mwituni, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuwapo.

"Jilo!"

Akasimamisha upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaukita matopeni na kuushikilia, akangoja wa pili. Alikuwa na watoto wawili mtumbwini na mama wa watu. Wote wakangoja naye, kimya. Wa pili haukuja. Akageuza mtumbwi kuelekea ardhi ya juu, na Elsie hakuonekana tena, si yeye wala nguo yake.

Maji yalipokwisha, wazee wa baraza la Wapokomo, ambalo wao huliita gasa, walikaa. Maana maneno yalikuwa yameanza. Kulikuwa na watu waliosema Jilo alimsikia mkewe akamwacha. Wazee wakamwita shahidi mmoja, mama yake Elsie, aliyekuwamo mtumbwini, wakamwuliza miito ilikuwa mingapi.

"Mmoja," akasema.

Basi wakakata shauri. Aliyeita alikuwa amekwisha kufa. Jilo hana kosa, alifanya ambalo baba yake angefanya, na babu yake. Mtu asimnyooshee kidole tena.

Jilo aliikubali hukumu ile, na naamini ndiyo iliyomwezesha kula na kulala. Nilimwona siku zile. Alikuja hotelini, akakaa kwenye benchi la Elsie, akanywa chai, akaniambia pasipo mimi kuuliza: "Ulikuwa mmoja, Mama Elvis." Nikamwambia najua. Siku nyingine tena: "Mmoja tu." Nikamwambia, "Kunywa chai, baba."

Serikali iliwataka watu wa Bulangani wasirudi kisiwani, wakajenga upya karibu na Tarasaa. Lakini mpunga hauoti Tarasaa. Walirudi kulima, na kila mwaka mpunga mpya ukiiva walirudi wote, na watoto na kuku, wakakaa siku chache kisiwani kwa sikukuu ya mavuno kama zamani. Na katika sikukuu hiyo kuna jambo moja ambalo lazima ulijue. Wali wa kwanza wa mchele mpya, mama mkwe humpakulia mkwewe bakuli kwa mkono wake mwenyewe, mbele za watu. Hiyo ni kusema nyumba yetu bado inakutambua. Mavuno ya kwanza baada ya gharika, watu walikaa wakimtazama yule mama. Alipakua, akampa Jilo. Jilo alilia kama mtoto, kwa alivyonieleza mwenyewe, na kwake yeye hayo yalikuwa maelezo marefu.

Sasa tufike mwaka wa tisini na tisa, na kwa Issack.

Issack Abdikarim ni kijana wa hapahapa Garsen aliyekwenda Malindi akarudi na miwani ya jua. Alikuwa akiwazungusha watalii, na akili ikamjia kwamba watu watapenda kuona sikukuu kwenye kisiwa kilichomezwa na mto kikatapikwa. Akakusanya kundi la wageni, Wazungu kadhaa na Wakenya wawili watatu wa Nairobi. Akamkodi Jilo, ambaye tangu gharika alikuwa mvushaji pale Idsowe, awe kiongozi wao wa mtoni. Akanikodi mimi nipike, maana wageni, alisema, wana matumbo ya karatasi. Nilikwenda. Nilitaka kuona Bulangani, ambako rafiki yangu aliishi na ambako sikuwa nimewahi kukanyaga.

Walifika Idsowe asubuhi, nyuma ya gari la askari kwa sababu ya majambazi wa barabarani, wakiwa na kofia na chupa za maji. Issack akawapanga ukingoni. "Kabla hatujapanda," akasema, "kuna sheria ya mto. Bwana Jilo, waeleze."

Jilo akawaeleza. Mtu hai huita mara mbili, aliyezama huita mara moja. Alisema kwa sauti ileile ambayo angeniambia bei ya kambare. Wageni wakafurahi sana. Issack akapiga makofi. "Haya, tufanye mazoezi! Wote pamoja!" Na kundi zima likaita, likicheka: "Jilo! Jilo!" Akawaambia tena. "Jilo! Jilo!" Naye Jilo akaitika kila mara, "Naam," kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa.

Nilimvuta Issack kando nikamwuliza kama mama yake alimzaa au alimwokota. Akasema, "Mama Elvis, hii ni utalii, wewe hujui." Nikamwambia utalii wake autie kwenye ile miwani.

Miongoni mwa wageni kulikuwa na msichana wa Nairobi, Hodan, mwalimu wa shule ya msingi kule Eastleigh. Ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Tulipokuwa tunateremka na mto alimsogelea Jilo. "Na hii sheria ilitoka wapi?"

"Ya zamani," Jilo akasema.

"Na wewe umewahi kuitwa hivyo, mara moja?"

Jilo akaendelea kusukuma upondo. Mimi nikampa Hodan chungwa ili mdomo wake upate kazi.

Bulangani haikuwa na kitu, ila ilikuwa na watu. Sijui niseme vipi. Nyumba hazikuwepo hata moja, nguzo chache tu na kipande cha ukuta wa kanisa. Lakini watu walipofika kutoka Tarasaa na mizigo yao, kila jamaa ilikwenda moja kwa moja ikatandika mikeka palepale nyumba yao ilipokuwa. Walizunguka kuta ambazo hazikuwepo. Waliingia palipokuwa na mlango, wakainama, maana ulikuwa mlango mfupi. Mgeni mmoja akakatisha kwenda kupiga picha, na mama mmoja akamwambia kwa upole, "Baba, umepita ukutani." Wageni walifurahi sana kuelezwa, wakaanza nao kuzunguka, wakicheka. Jilo peke yake hakutandika kwake. Hata mwaka uliotangulia, wakaniambia, alilala mtumbwini.

Kulikuwa na mahali patupu katikati ya mikeka, ukubwa wa nyumba ndogo, na hakuna mtoto aliyekimbia juu yake. Sikuuliza ni pa nani. Nilisimama penye mlango nikasema moyoni, Elsie, nimekuja kwako hatimaye, chai yako iko wapi.

Siku ile ngoma zilipigwa tangu alasiri. Walicheza mwaribe, wanawake na njuga miguuni, vumbi likapanda, na Wazungu wakajitupa katikati wakiruka kama wanaokanyaga makaa. Tulicheka sote. Hata Jilo alicheza kidogo pembeni. Mchele mpya ulikuwa umetwangwa na ungepikwa kesho yake, na mama yake Elsie alikaa akiupepeta taratibu, mama mdogo, mkavu, mwenye macho ya mwanawe. Alinishika mkono akaniambia, "Wewe ni ile ya chai." Basi Elsie alikuwa amenisema nyumbani.

Alfajiri iliyofuata kuni ziliniishia. Nikamwomba Jilo anipeleke upande wa chini wa kisiwa, ambako gharika iliacha magogo makavu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mwepesi, ukikaza kwenye matete na kulegea katikati ya mto. Tulikuwa kwenye maji ya wazi, tunaonana vizuri, lakini kingo zilikuwa nyeupe tu. Mikoma ilionekana vichwa.

"Jilo!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ilitoka kwenye mikoma.

Jilo akaukita upondo. Mtumbwi ukasimama. Aliuinamisha uso, akatega sikio, na nilimwona shingo yake jinsi mishipa ilivyosimama. Nami nikangoja, Mungu anisamehe, miaka yangu ya kukaa na watu hawa ilikuwa imeniingia. Maji yalipita chini yetu. Hapakuwa na mwito wa pili.

"Jilo," nikanong'ona, "huyo ni mtu."

"Mara moja," akasema.

"Moja ama kumi, ni mtu!"

"Wageni wote wanajua. Tuliwafundisha. Angekuwa mgeni angeita mara mbili." Akanigeukia, na sijapata kuona mtu mzima ameogopa namna ile. "Ni palepale, Mama Elvis. Ni mahali palepale."

Nilitaka kuita mimi, ulimi ukakataa. Nasema ukweli. Jilo alikuwa ameanza kuuchomoa upondo, na mtumbwi ukaanza kugeuza pua kurudi tulikotoka, na nikaona jinsi ilivyokuwa siku ile, kana kwamba nilikuwamo. Kisha akaacha. Alisimama na upondo ukichuruzika maji, akafumba macho, akapaza sauti ambayo sikujua kwamba anayo kifuani:

"Naam! Naam! Nakuja!"

Akasukuma kwa nguvu hadi nikaanguka sakafuni mwa mtumbwi.

Tulimkuta Hodan kwenye matete, amekumbatia gogo la mkoma lililolala majini, maji yamemfika kifuani na mtandio umenasa kwenye miiba. Alikuwa amekwenda kutawadha kwa ajili ya sala, akatafuta maji safi mbali na watu, na ukingo uliolegea ukakatika naye. Jilo alimnyanyua kama gunia la mpunga. Nilimfunga leso zangu zote mbili, nikamkumbatia, nikamgombeza, nikamkumbatia tena. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Mwanangu," nikamwambia, "mbona hukuita tena? Si mlifundishwa mara mbili?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani si alinisikia? Niliita, nikamwona amesimama. Mimi nilikuwa namwona poa kabisa, nyinyi mko kwa mwanga. Akashika ule mti, akasimama. Nikajua amesikia, anakuja. Nikanyamaza, mamba wasinisikie." Akavuta leso. "Mara mbili ni ya mtu ambaye hajasikia."

Jilo alikaa chini. Mwenye upondo hakai katikati ya mto, mtoto yeyote wa huko anajua, lakini alikaa, na mtumbwi ukaanza kwenda ulikotaka. Nilishika matete kuuzuia.

"Nilikuwa na taa," akasema.

"Taa gani?" Hodan akauliza.

"Ilikuwa mbele, hapo ulipokaa. Ilisimama, akaiona imesimama." Alisema polepole, kama anayehesabia mtoto. "Akanyamaza. Akawa ananingoja."

Hodan alinitazama mimi. Nilitikisa kichwa asiulize. Nilijua wakati uleule kwamba hukumu ya wazee imekufa pale kwenye matete, na hakuna gasa lingine la kuifufua. Nilimshika Jilo goti. Baadaye akainuka, akaturudisha.

Asubuhi ile Issack alizunguka akiwaeleza wageni jinsi kiongozi wake alivyomwokoa msichana kwenye kinywa cha mamba, na wageni wakataka kupiga picha na Jilo. Walimweka katikati. Picha hizo ziko Ulaya kwenye nyumba za watu, na yeye ndani yake ametazama pembeni.

Kisha wali ukaiva. Harufu ya mchele mpya ilijaa kisiwa kizima. Watu walikaa kila mmoja kwake, penye nyumba yake isiyokuwepo, na wakwe wakaitwa mmoja mmoja. Ilipofika zamu, mama yake Elsie akapakua, akainuka na bakuli, akamfuata Jilo mahali alipokuwa amesimama, nje ya ule mlango ambao watoto hawaupiti. Akamnyooshea.

Jilo hakupokea.

"Mama," akasema, "mimi siwezi kula. Elsie aliniita. Alikuwa hai."

Nilikuwa karibu, mwiko mkononi, nikiogopa yule mama ataanguka. Hakuanguka. Aliendelea kulishika lile bakuli, na mvuke wake ulimpanda usoni.

"Mimi najua," akasema.

"Mama?"

"Mimi ni mama yake. Sauti ya mwanangu siijui? Niko ndani ya mtumbwi siku ile. Nimesikia. Nikasema moyoni, ngoja ya pili." Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, neno moja moja, na nadhani alikisema kwa ajili yetu sote tuliokuwa pale. "Na ile mtoto tangu mdogo haiti mara mbili. Anafundisha watu, yeye hafanyi. Anaita mara moja. Usipoitika, anakasirika, anakuja mwenyewe."

"Kwa nini basi unanipa wali?"

"Tulinyamaza wawili," akasema. "Nitakula na nani?"

Akaliweka bakuli mikononi mwake, akaingia kupitia ule mlango, akainama, akaketi ndani. Jilo naye akainama, akaingia, akaketi mbele yake, na wakala kwenye bakuli moja wakilia, kimya, na sisi sote tuliokuwapo tukatazama chini. Mgeni mmoja aliinua kamera. Nilimpiga mkono kwa mwiko.

Hayo yalikuwa ya mwezi wa nane. Jilo alirudi Idsowe akaendelea kuvusha watu, na tangu hapo huitika mwito wa kwanza. Wazee walimwonya. Walimwambia atawaletea watu balaa, atawafundisha waliozama njia ya nyumbani. Aliwasikiliza, akasema "Njema," na hakubadilika. Mara nyingine huitika wakati hakuna aliyeita. Yuko kwangu anakunywa chai, akainuka ghafla, "Naam!" na wateja wakatazamana. Vijana wa stendi walijaribu kumfanyia mzaha, wakamwita kwa nyuma ya ukuta. Niliwafuata na sufuria ya maji moto na mzaha ukaisha.

Watu wa ng'ambo wanasimulia kwamba asubuhi za ukungu huitika, akasukuma mtumbwi hadi upande wa pili, akasimama pale pasipo na mtu muda wa kutosha mtu kuinua nguo na kupanda. Kisha hurudi taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba abiria. Mimi nilisema ni maneno ya watu. Mizimu ya Tana sikuzaliwa nayo, na huzuni inatosha kumfanya mtu afanye mengi.

Jumapili moja kabla ya Krismasi nilikwenda Idsowe kununua kambare. Nilimwita mara moja. Alikuja. Mtumbwi ulikuwa mtupu, nami napenda kukaa mbele, nikainua mguu nipande huko.

"Mama Elvis," akasema kwa upole, "kaa nyuma kidogo."

Nilitazama. Mbele hapakuwa na mtu wala mzigo, na ubao wa pale ulikuwa umelowa. Nikafikiria nicheke, nikafikiria niulize. Kisha nikasema, "Habari za asubuhi, dada," nikapita nyuma, nikakaa na kikapu changu magotini, na Jilo akasukuma.